Fundo la Alside

Hili halikunikuta mimi. Lilimkuta Valsin Naquin, mvuvi wa uduvi, jirani yangu hapa Luisiana, na Valsin si mtu wa porojo.

Mtambo wa mafuta ulipolipuka baharini, mdogo wake Alside alikuwa zamu. Hakikupatikana hata kiatu. Mwezi haujaisha, Jeshi la Majini likamkodi Valsin na mashua yake, akokote maboya ya kuzuia mafuta yasifike pwani. Akakubali, uduvi wenyewe ulishakufa.

Siku hiyo alikuwa mashuani na afande mmoja wa jeshi hilo. Mafuta yalikuwa yakichomwa, na moshi uliifanya adhuhuri kuwa giza. Ghafla kamba ya maboya ikakatika. Wakazima injini. Bahari ilikuwa nzito, haina hata wimbi, lakini wakasikia maji yakichapwa polepole, kama mtu anayeogelea kwenye uji. Kisha kimya. Kamba ikakaza tena.

Wakaivuta mpaka nyuma ya mashua. Afande akamulika tochi.

"Umeiunga saa ngapi?"

"Mimi? Si niko hapa na wewe, afande!"

"Basi fundo gani hili? Jeshini hatufungi hivi."

Lilikuwa fundo la baba yao, la kufungia mkia wa wavu, ambalo ukivuta ncha mara moja linafunguka. Tena lilifungwa kinyume. Alside alikuwa mashoto, na nyumbani walimcheka kwa hilo tangu utotoni.

Valsin akainama. "We mashoto," akasema, "rudi nyumbani, bwana. Mama bado anakumiminia kahawa."

Ncha ya kamba ilikuwa inaning'inia majini. Ikavutwa kutoka chini, mara moja, na fundo likafunguka.