Vyumba Vinne Ndani ya Monita

Taa ndogo ya monita iliwaka wakati waya wake ukiwa bado umeviringishwa ndani ya mfuko wa Modesta. Iliwaka kijani, ikazimika. Fundi Maulida aliiona vizuri kabisa lakini alijifanya hajaiona, maana mteja akishakuona umeshtuka anaanza kukufundisha kazi.

"Imekufa lini?" aliuliza.

"Tangu masika," Modesta alinong'ona. Alikuwa na studio ya picha za pasipoti kule Usagara, mwanamke mnene wa Kihaya mwenye uso wa kucheka, na kunong'ona kule hakukumfaa hata kidogo. "Usinishangae, fundi. Sauti ilinikauka kipindi hichohicho. Hospitali wameangalia koo, wanasema ni zima. Monita nilimpelekea Nestory, fundi wa kwetu. Akaifungua, kesho yake akanirudishia hivyohivyo. Hata usoni hakuniangalia."

"Mwanaume akishindwa kazi huwa haangalii mtu usoni," Maulida alisema. "Niachie."

Kibanda chake kilikuwa Nyamagana, nyuma ya soko, kwenye safu ya mafundi wa simu na redio, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alikuwa na ulimi mkali, na mkono wa kulia ambao hata mafundi wasiompenda walikuja kuuomba kwa kazi ndogondogo za kulehemu. Mkono huo ndio uliomlisha tangu mume wake aliporudi kwao Kahama, baada ya kugundua kwamba mkewe hatishwi na kelele.

Alipofungua mgongo wa monita, harufu ya dagaa ikampiga puani. Alidhani inatoka sokoni, kisha akaona kwenye bodi kapasita nne, vimkebe vidogo kama vifuniko vya kalamu, vimevimba vichwa na kuvuja maji ya kahawia. Ugonjwa wa kawaida. Kapasita inatunza umeme. Ikizeeka inavimba, monita inakufa. Unaing'oa, unaweka mpya, mteja anacheka. Na kwa kuwa monita ilikaa muda mrefu bila umeme, Maulida hakujisumbua kuzitoa chaji kwa bisibisi kama afanyavyo siku zote. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Ya kwanza ilimpiga. Si ule mpigo anaoujua, unaokuja na kuondoka. Huu uliingia kwenye kidole, ukapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi, ukafika begani, ukakaa.

Maulida alitukana, akaendelea. Aling'oa zote nne, akazitupa kwenye kopo, akapachika mpya. Alipomalizia ya mwisho, chuma cha kulehemu kilimdondoka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia, wa baridi, haumsikii.

Kesho yake shangazi yake Mwaija, aliyesikia habari za mkono ule, alikuja kibandani na chetezo cha udi. Mwaija alikuwa ametibu watu wenye majini kwa miaka mingi, na alipofika mlangoni tu alisimama.

"Shikamoo shangazi. Mbona huingii?"

"Marahaba. Punguza sauti," Mwaija alinong'ona. "Kuna mtu humu."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imetoka kwisha. Umeme ulikatika safu nzima, redio zote zikanyamaza kwa pamoja, na katika ukimya huo monita ambayo haikuwa imechomekwa popote ikaanza kuwaka, bila picha, mwanga mzito tu wa kijani kama maji ya ziwa pale mwaloni panaposhushwa dagaa, na harufu ya dagaa ikapanda mpaka Mwaija akaziba pua kwa mtandio, na ndani ya kopo zile kapasita zikaanza kugongana polepole kana kwamba kuna mtu anazipanga, na kutoka humo, kwa sauti nene ya mwanamke, yenye lafudhi ileile ya Kihaya ya Modesta lakini bila kunong'ona hata kidogo, kitu kikasema:

"Umenivunjia vyumba vyangu."

Mwaija alipiga magoti. "Tusamehe. Hakujua."

"Avirudishe vilipokuwa, ampe mwenyewe monita yake, nami nitamwachia mkono wake. Nestory alifanya hivyo. Leo anakula kwa mkono wake."

"Na Modesta?" Maulida aliuliza.

"Kwa Modesta nimechukua sauti tu. Bado ana macho. Bado ana watoto."

"Rudisha, mwanangu," Mwaija alimsihi, akimvuta gauni. "Jini ukilikosea unaliomba radhi na kulipa linachotaka. Huyo Modesta si ndugu yako. Bila mkono utakula nini?"

Maulida aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mpaka machozi yakamtoka, na alitaka mkono wake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Halafu akamfikiria Nestory anavyokabidhi monita ile huku ametazama chini, na hasira ikampanda juu ya hofu.

"Sikiliza, wewe," alisema. "Kwenye kibanda hiki kapasita mbovu hairudi kwenye bodi ya mteja. Hata aniombe mfalme wenu."

"Mkono hutaupata!"

"Baki nao!"

Alishika plaizi kwa mkono wa kushoto, mkono mjinga usiojua hata kufunga kishikizo, akaiminya kapasita ya kwanza mpaka ikapasuka. Ukelele uliotoka ulikuwa wa Modesta. Wa pili ulikuwa wa mwanaume. Wa tatu ulikuwa wa mtoto, na hapo Maulida nusura aache, lakini alifumba macho akaminya, akaishika ya nne iliyokuwa ikijiviringisha kuikimbia plaizi, akaiminya nayo huku akilia kwa nguvu kuliko jini lenyewe.

Umeme ukarudi. Redio zikaendelea na taarabu.

Jioni Modesta alikuja, na sauti yake ilimtangulia tangu kona ya soko, akicheka, akilia, akiwaita watu asiowajua ndugu zangu. Alichukua monita yake nzima.

Mkono wa Maulida haukurudi. Mwaija alifukiza mpaka udi ukamwishia. Hospitali walichoma sindano, wakatikisa vichwa. Maulida akajifunza kulehemu kwa kushoto, akaungua, akaharibu bodi, na kila fundi aliyemwonea huruma aliondoka na matusi yake.

Mchana mmoja, akiwa ameinamia redio ya mteja, aliusikia mkono uliokufa ukisogea. Vidole vilikuwa vinajikokota mezani vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwenye simu iliyofunguliwa pembeni, na kucha zilikuwa zinanuka dagaa.

Aliukamata mkono ule kwa kifundo, akaurudisha kifuani, akaufunga kwa kanga, fundo juu ya fundo.

"Ulitaka nyumba," aliuambia kwa sauti ya chini. "Umeipata. Sasa hutoki, humgusi mtu, na mwenye nyumba ni mimi."

Ngosha, fundi wa kibanda cha jirani, alichungulia. "Dada, unaongea na nani?"

"Na mpangaji," Maulida alisema, akaokota chuma cha kulehemu.