Baiskeli ya Tambarare

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji ya kunawa yalikuwa ya baridi kiasi cha kuumiza meno. Msichana alichovya kidole kimoja kwenye ndoo, akakitoa haraka, kisha akamgeukia mama yake kama mtu aliyedhulumiwa haki yake.

"Kwetu maji yalikuwa yanatoka bombani yakiwa na joto," alisema. "Hata hayakuhitaji kuchemshwa."

"Kwetu sasa ni hapa," mama alijibu huku akimvisha mdogo wake sweta ya pili. "Nawa uso, mwanangu, shule haitakungoja."

Walikuwa na wiki tatu tu katika mji huo. Baba yake alikuwa fundi wa pampu za maji, na alihamishiwa huko kikazi kwa sababu katika mji wa vilima maji hayapandi yenyewe. Mama yake, ambaye alikuwa nesi, alipata kazi katika zahanati iliyokuwa karibu na nyumba yao. Mdogo wake, mwenye umri wa miaka mitano, alipenda kila kitu tangu siku ya kwanza. Alipenda hata ukungu, na kila asubuhi alijaribu kuufungia ndani ya kopo.

Msichana ndiye aliyekuwa bado hajatua, ingawa mizigo yake ilitua zamani. Alikotoka palikuwa tambarare kama meza. Barabara zilikuwa pana, jua lilikuwa kali, na kila mtu alikwenda kwa baiskeli, kuanzia wanafunzi hadi mabibi wenye vikapu. Hapa nyumba zilipandana juu ya vilima, ua wa mmoja ukitazama paa la mwingine. Kutoka mlangoni kwao hadi barabarani kulikuwa na ngazi ya mawe yenye vidato mia moja na kumi na viwili. Alivihesabu siku ya kwanza akiwa na hasira.

Shuleni walimwita Kwetu. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Mwalimu akifungua dirisha, yeye husema kwetu madirisha ni makubwa. Wenzake wakicheza mpira, yeye husema kwetu mpira hautoroki kuelekea bondeni. Hawakuwa wabaya, walimcheka kidogo tu na kuendelea na mambo yao. Aliyemvumilia zaidi ni mwenzake wa dawati, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, ambaye aliongea kidogo na kusikiliza sana.

Siku baiskeli yake ilipofika na lori la mwisho la mizigo, Kwetu aliikumbatia kama ndugu. Lakini baba aliinama, akazitazama breki, akatikisa kichwa.

"Hizi raba zimekwisha kabisa," alisema. "Kule ulikuwa unaacha kukanyaga tu, baiskeli inasimama. Hapa haitasimama. Isiguswe mpaka nibadilishe, umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia kweli. Tatizo lilikuwa mdomo. Ijumaa, wakati wa mapumziko, alimwambia Twiga kwamba kesho yake angeshuka mteremko wote wa barabara ya mtaa wao kwa baiskeli, kuanzia juu hadi chini, bila mguu kugusa ardhi.

"Pale hakuna anayeshuka kwa baiskeli," Twiga alisema. "Hata wapeleka mikate huzikokota."

"Ni kwa sababu hapa hamjui kuendesha. Kwetu mtoto wa miaka sita anaendesha bila kushika usukani."

Twiga aliinua mabega, akaendelea kula.

Jumamosi asubuhi baba alikuwa kwenye pampu zake. Mama alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na mdogo wake alikuwa amelala kando yake. Kwetu aliitoa baiskeli nyuma ya mlango kwa kunyata. Akapitia njia ya pembeni hadi juu ya mteremko, akapanda.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Upepo ulimpiga usoni, nyumba zikampita mbio, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie alicheka peke yake. Kisha kasi ikazidi. Akabana breki, zikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Akabana tena. Mbele yake barabara ilipinda, na kwenye kona ile palikuwa na karakana ya kushona magodoro. Mbele ya mlango, juu ya mkeka, kulikuwa na rundo la sufi, ile pamba nyepesi ya kujazia magodoro. Rundo lilikuwa na kimo chake yeye mwenyewe. Kando yake kulikuwa na foronya tatu kubwa za magodoro, za mistari ya buluu, zilizojazwa nusu.

Kwetu aliingia kwenye rundo lile kama kijiko kwenye uji.

Alipoinuka hakuona kitu. Sufi ilikuwa hewani, nyweleni, puani na masikioni. Ilipotulia, nusu yake ilikuwa imetua kwenye mtaro wa maji machafu. Kanyagio la baiskeli lilikuwa limechana foronya moja toka juu hadi chini, na zile nyingine mbili zilikuwa zimebingirika hadi kwenye matope. Yeye aliumia kiwiko tu.

Aliangaza huku na huku. Mwenye karakana hakuwepo, alikuwa amekwenda dukani kununua uzi. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mbuzi wa rangi ya udongo, akitafuna taratibu na kumtazama. Kwetu alishika baiskeli, akaikokota mbiombio kwenye kichochoro. Alipogeuka mara moja tu, alimwona yule mbuzi amekwisha kuvuka na anaonja sufi. Kipande kilikuwa kimemning'inia kidevuni kama ndevu za mzee.

Jumatatu Twiga alikuja shuleni amenuna.

"Una nini?" Kwetu aliuliza.

"Nyumbani hakukaliki. Mbuzi wa Mkunga ameharibu magodoro matatu ya bibi yangu. Yalitakiwa kwenye bweni la shule leo."

"Bibi yako anashona magodoro?" Kwetu aliuliza.

"Pale kwenye kona. Watu wote humwita Bibi Godoro. Alirudi na uzi wake akamkuta mbuzi ana sufi mdomoni. Sasa yeye na Mkunga hawasemeshani."

Mkunga, kama Twiga alivyoeleza, alikuwa jirani wa bibi, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, Twiga mwenyewe akiwemo. Kwa miaka ishirini na sita wazee wale wawili walikunywa chai pamoja kila saa kumi jioni. Tangu Jumamosi kila mmoja alikunywa yake ndani, mlango umefungwa.

"Labda ulikuwa upepo," Kwetu alisema kwa sauti ndogo.

"Upepo una meno? Foronya imechanika." Twiga alifuta jicho kwa kiganja. "Mkunga amekasirika, amesema kama mbuzi wake ni mwizi, basi aondoke. Jumatano mpwa wake atakuja kumpeleka shambani, mbali. Na mimi ndiye ninayemlisha."

Mwalimu aliingia, mazungumzo yakakatika. Kwetu alifungua daftari, lakini siku hiyo hakusema neno "kwetu" hata mara moja.

Tangu Jumamosi ile hakupita tena kwenye kona ile. Akitumwa mkate, alizunguka nyuma ya ghala, akapanda kichochoro kimoja na kushuka kingine, akarudi jasho linamtoka katika baridi ile. Jumanne mama alimpokea mkate na kuutazama uso wake.

"Duka ni la hapo chini. Mbona unachukua nusu saa?"

"Nazunguka ili niuzoee mji, mama."

"Mji unazoeleka kwa kuzunguka ghala moja?" mama aliuliza. Jicho lake lilimfuata hadi chumbani.

Jumatano masomo yalipokwisha, Twiga hakumngoja. "Nawahi kumuaga mbuzi," alisema, na miguu ile mirefu ikampeleka.

Kwetu alifika nyumbani akamkuta mama anapiga pasi sare yake ya kazi. Alisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, bila mpangilio: sufi, breki, mbuzi, foronya, Twiga, chai ya saa kumi. Mama aliiweka pasi kando, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulimkaidi baba yako, ukaharibu kazi ya mtu, ukamwachia mbuzi kesi."

"Ndiyo, mama." Machozi yalianza kumtiririka.

"Viatu bado unavyo mguuni?"

"Ndiyo."

"Basi teremka sasa hivi. Mimi nakuja nyuma yako, lakini maneno ni yako, sitakusemea."

Alishuka vidato vile viwili viwili. Kwenye kona alikuta mbuzi amefungwa kamba, na kijana mmoja, mpwa wa Mkunga, anajaribu kumpandisha kwenye mkokoteni. Mbuzi alikuwa amekaza miguu yote minne. Twiga alikuwa amemshika shingo. Mkunga, bibi mwembamba mwenye miwani, alisimama upande mmoja wa njia, na Bibi Godoro, mnene na mwenye tepe ya kupimia shingoni, alisimama upande mwingine. Walikuwa wakitazama mbuzi ili wasitazamane.

"Shikamooni," Kwetu alisema, akihema. "Mbuzi hakuharibu magodoro. Ni mimi."

Kijana aliachia kamba. Wote wakamgeukia.

"Nilishuka na baiskeli, breki hazikushika. Nikaingia kwenye sufi, nikachana foronya kwa kanyagio. Halafu nikakimbia. Mbuzi alikuja baadaye." Aliwatazama mmoja mmoja. "Naomba mnisamehe. Bibi unisamehe, na Mkunga, na wewe Twiga. Hata mbuzi."

Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga yake, akaivaa tena. "Nilisema," alitamka polepole. "Nilisema mbuzi wangu hali sufi. Anaonja tu."

Bibi Godoro alitazama chini. Halafu, mtu mzima mwenye heshima zake, alivuka njia hadi aliposimama mwenziwe. "Dada yangu, nilimwona mbuzi wako mwizi kwa sababu ya ndevu za sufi. Nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Mkunga alisema. "Lakini chai ya siku nne nimekunywa kama dawa. Utanilipa kwa maongezi."

Mama alikuwa amefika. Aliwaamkia wazee, akaomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Wakakubaliana palepale. Kwa Jumamosi mbili Kwetu angekuja karakanani kuchambua na kukausha sufi mpaka foronya tatu zijae. Jioni baba naye alitoa hukumu yake: baiskeli ingekaa nyuma ya mlango mwezi mzima, hata baada ya raba mpya kufungwa.

Twiga hakusema naye Alhamisi. Ijumaa alimsogezea rula bila kuombwa. Jumamosi alimkuta Kwetu mbele ya karakana, amekaa mkekani, nywele zote nyeupe.

"Umezeeka," Twiga alisema. Kwetu alicheka hadi akakohoa sufi. Twiga akakaa, akamwonyesha namna ya kuchambua kwa ncha za vidole bila kuirusha hewani.

Kazi ilikuwa ndefu. Kila aliyepita alisimama kusalimia wazee, kisha akamuuliza Kwetu hali yake na habari za nyumbani. Mpeleka mikate alimwonyesha njia ya mkato isiyo na ngazi, ya kwenda shule. Mwenye duka la uzi aligundua kwamba baba yake ndiye aliyerudisha maji ya mtaa ule, akamtumia salamu. Saa kumi Mkunga alileta birika la chai, akajikalia kwenye godoro lililokwisha kujazwa, na mbuzi akalala miguuni pake.

"Twiga ananiambia ulikotoka hakuna kilima hata kimoja," alisema. "Hebu nieleze. Maji ya mvua yanajuaje pa kwenda?"

"Hayajui, bibi. Yanakaa tu, hadi yachoke."

Wazee walicheka mpaka chai ikamwagika. Wakauliza tena, akaeleza tena, kuhusu baiskeli za mabibi, na jua, na barabara iliyonyooka mpaka mtu anayekuja aanze kuonekana kama nukta. Akaona wanasikiliza kweli.

Bibi Godoro alikata uzi kwa meno, akafunga fundo la mwisho la siku hiyo.

"Mjukuu wangu," alisema, "siku zile nne ulizokuwa ukinikwepa, mji huu wote kwako ulikuwa na njia ngapi?"

Kwetu alifikiri. "Moja, bibi. Ile ya nyuma ya ghala."

"Unaona? Mgeni akikosea tunamsamehe haraka, maana hajui vilima vyetu. Lakini akijificha hatuwezi kumjua, na yeye hawezi kutujua sisi. Ukivunja kitu, sema siku ileile. Utaona aibu kidogo, kisha utapita popote kichwa juu. Ukinyamaza, kosa linaangukia asiyehusika, na wewe unabaki unazunguka."

"Nimeelewa, bibi."

"Kama umeelewa, shika pembe hiyo. Twiga, shika ile. Hili limekwisha, na bwenini wanalingoja."

Wasichana waliinua godoro, mmoja mrefu na mmoja mfupi, likainama upande kama mashua. Wakaanza kupanda ngazi ya kuelekea bwenini taratibu, wakipumzika kila kidato cha kumi, huku mdogo wake Kwetu, aliyekuwa amemfuata karakanani, akiwatangulia na kuwaamuru watu wapishe njia. Na watu wakapisha, kila mmoja akimsalimia Kwetu alipopita.