Sailensa ya Gari la Mjomba

Gari lilikataa kutetemeka. Fundi mwingine angefurahi, lakini Sikio hakufurahi hata kidogo, maana mshale wa mizunguko ulikuwa umeshuka hadi mia nne, na hakuna injini ya umri ule inayokaa kwenye mia nne bila kukohoa na kuzimika. Hii ilinguruma laini, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Jina la Sikio alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuhitaji kipimo kujua injini inaumwa wapi. Aliinama tu juu yake, akafumba macho, basi. Majivuno yake yote yalikuwa hapo. Gari lenyewe, la kizamani, lenye taa za duara na bampa za kung'aa, alilirithi kwa mjomba wake, mzee mpole aliyekuwa mkali kwa jambo moja tu: hakuruhusu mtu aguse kabureta. "Humo mna mwenyewe," alikuwa akisema, na watu wakicheka. Mzee alipofariki, Sikio aliing'oa kabureta, akaikata vipande kwa grenda, akafunga mfumo wa kisasa wa nozeli za kupulizia mafuta na kompyuta ya kuziongoza. Ilibaki kuseti sailensa tu, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unageuza skrubu ya hewa, unachomoa waya wa betri ili kompyuta isahau yote iliyokuwa inayajua, unaurudisha, unawasha, kisha unaliacha gari lingurume dakika kumi lijifunze upya, bila mtu ndani. Sikio aliyajua hayo yote. Lakini mkewe, fundi cherehani mwenye chumba mlango wa pili, alikuwa ameshona sare za shule tangu alfajiri. Saa nane mchana alikuja akajitupa kwenye kiti cha mbele, kwa kuwa kilikuwa laini kuliko kitanda chao, akapitiwa na usingizi. Sikio alimwonea huruma. Akawasha, akamwacha alale.

Sasa alisimama akisikiliza. Mngurumo ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena. Hewa inavuja mahali, aliwaza, akapapasa mipira yote, na mipira yote ilikuwa mizima. Ndipo ikamjia harufu, si ya petroli, bali ya marashi makali, ya mtu aliyejipamba anakwenda kuposa. Akaishika skrubu, akaigeuza robo. Injini ikashuka. Mkewe akashusha pumzi ndefu, na hakuvuta nyingine.

Akairudisha skrubu haraka. Mkewe akavuta pumzi.

Fundi ni fundi, haamini kitu mpaka akijaribu mara mbili. Aliigeuza tena, na safari hii aliona midomo ya mkewe ikipauka, na jambo hilo hatajisamehe mpaka anaingia kaburini.

"Mke wangu," alinong'ona baada ya kuirudisha. "Amka. Toka kwenye gari."

Mkewe alifumbua macho. "Siwezi. Miguu imekufa ganzi." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Huyu uliyemkalisha nyuma ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Ananihesabia pumzi."

Mganga aliitwa kutoka mtaa wa nyuma, mama mnene mwenye miwani, akaja amevaa kandambili. Hakusoma kitu. Alizunguka gari mara moja tu, akauliza, "Nyumba yake iko wapi?"

"Ya nani, mama?"

"Huyo mwenyewe. Alikuwa anakaa wapi?"

Sikio alionyesha vipande vya kabureta kwenye rundo la vyuma chakavu. Mganga akavua miwani, akajifuta uso.

"Umemvunjia nyumba, mwanangu. Angekuwa bado na nyumba, ningemwita, ningembembeleza, angerudi kwake. Huyu nikimtoa nimpeleke wapi? Nitakwenda kumtafuta mwenzangu anayenizidi. Ila gari lisizimwe. Likizima, atahamia kwingine."

"Kwingine wapi?"

Mganga alimtazama mke kwenye kiti, halafu akatazama chini.

Akaondoka, na Sikio akabaki na injini, na mshale wa mafuta uliokuwa umegusa alama nyekundu, akamimina dumu la kwanza huku gari likinguruma, kwa pupa hata nusu ikamwagika chini, akamimina la pili, akatazama mshale ukipanda na kuanza tena kushuka upesi mno, kana kwamba kuna kinywa kingine kinachokunywa humo, akamwambia mkewe tulia, usiguse kitu, narudi sasa hivi, akakimbia gereji ya jirani na dumu tupu, akalijaza, akarudi mbio kwenye jua kali lile huku akilitega sikio lake maarufu, akitafuta mngurumo kati ya nyundo na honi na kelele za watu, asiusikie.

Mkewe alikuwa amesimama nje ya gari, kwa miguu yake mwenyewe, ufunguo mkononi.

"Aliniomba nizime," alisema. "Aliomba vizuri tu."

Sikio alimkumbatia. Alikuwa na joto, alikuwa mzima, na kwa kitambo kidogo fundi alilia kwa furaha kifuani pake. Kisha akanyamaza, akasikiliza. Mle ndani hamkuwa na mapigo ya moyo. Mlikuwa na mtetemo mwembamba, laini, usiokatika, katika mwendo uleule aliouseti kwa mkono wake.

"Nasikia kiu," mkewe alisema.

Alimkimbilia maji ya mtungini, akamletea kikombe kimejaa. Mkewe alikipokea, akakinusa, akamrudishia taratibu, na macho yake yalikuwa yake kabisa, yamejaa hofu.

"Siyo hayo, mume wangu," alinong'ona kwa aibu, akanyoosha mkono kwenye dumu.