Siti Sita na Tenga la Mapeasi

Jumapili ya pili ya Februari, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Stephano alifika kwenye nyumba ya wageni ya Mama Martin, nje kidogo ya mji wa Lushoto, pampu mkononi na wimbo mdomoni. Wimbo ulikatika alipofika kibandani. Baiskeli sita za wageni zilikuwa pale alipoziacha jana jioni, zimefungwa kwa mnyororo mmoja, kufuli halijaguswa. Hakuna hata moja iliyokuwa na siti.

Mwizi hakutaka taa wala magurudumu. Alichomoa siti sita na nguzo zake, akaenda zake.

Stephano alikuwa kiongozi wa wageni wa baiskeli. Kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake alikihangaikia miaka mitatu ya masomo na mitihani. Kabla ya hapo alikuwa akibeba mbao kichwani kutoka msituni. Siku hiyo alitakiwa kuwapeleka wageni wake Vuga kwa vijia vya mashambani, na huko shangazi yake alikuwa ameshachinja kuku wawili.

Kufika saa moja, watu wote walikuwa wamejaa barazani. Mzee Kristian, mwenyekiti wa chama cha waongoza wageni, alikuwa ameitwa. Alikuja na suti na tai, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa pia na ibada ingeanza saa mbili.

"Mimi simtuhumu mtu," alisema Edgar, mkubwa wa kundi lile la wageni kutoka Dar, mwanamume mrefu mwenye kaptura ya kubana na miwani ya jua iliyofika kabla ya jua lenyewe. Alisimama ameegemea nguzo, kikombe cha chai mkononi. "Lakini tuulizane. Nani anajua kufungua siti? Spana yenye pembe sita iko kwenye mkoba wa nani? Na baiskeli ya nani peke yake ina siti asubuhi hii?"

Macho yote yalihamia kwenye baiskeli ya Stephano, iliyokuwa imelala kwenye majani na siti yake.

"Hii nimelala nayo nyumbani!" alisema Stephano. "Ningewaibia wageni wangu mwenyewe ili iweje?"

"Ndicho hicho tunachouliza," alisema Edgar.

Mzee Kristian alikohoa. Alimpenda yule kijana, na ilionekana. "Sikiliza, mwanangu. Mkoba wako wa spana, ule uliouacha kibandani, ndio uliokutwa wazi. Ibada inaisha saa nne. Mnada wa sadaka ukimalizika kabla siti hazijaonekana, utanikabidhi kitambulisho. Sina njia nyingine."

 Stephano alitoa simu, akampigia mtu mmoja tu aliyemwamini katika mambo ya baiskeli.

Halima alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibanda chake karibu na soko, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyejifunga kitenge juu ya suruali na kuvaa hijabu yenye doa la grisi la kudumu. Alifika saa moja na robo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Mama Martin."

"Marahaba mwanangu," walijibu kwa pamoja.

Hakuuliza mengi. Alikwenda kibandani. Paa la kibanda kile lilikuwa limeng'olewa na upepo wiki iliyopita, na mvua ilikuwa imenyesha toka saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili. Halima alifungua mnyororo kwa ufunguo wa Stephano, akashika baiskeli ya kwanza, akaipindua miguu juu kichwa chini. Maji yakatiririka kutoka kwenye tundu la siti. Ya pili, maji. Ya tatu, ya nne, ya tano, maji. Ya sita ilikuwa nyeusi, nyepesi kuliko mkungu wa ndizi, na ilipopinduliwa haikutoa hata tone.

Alichungulia tunduni. Akachomoa kipande cha jani la mgomba, kimekunjwa vizuri mara nne, akakitia mfukoni.

"Hii ya nani?"

"Ya kaka Edgar," alisema Stephano. "Ameileta mwenyewe kutoka Dar. Zile tano ni za kwangu, nakodisha. Umeona nini?"

"Nimeona mwizi mwenye huruma," alisema Halima.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alijileta mwenyewe. Danieli, kiongozi wa wageni wa miguu, alitokea getini akichekelea waziwazi.

"Nilisema mimi! Irente hapo, mnatembea taratibu, mnaona bonde lote, mnakula jibini, mnarudi. Baiskeli za nini?"

"Danieli, ulikuwa wapi saa kumi na moja na nusu alfajiri?" Halima aliuliza.

"Kwaya. Leo tunaimba ibada ya kwanza, mwalimu ametuamsha saa kumi. Waulize watu thelathini." Kisha akashusha sauti. "Fundi, mimi na Stephano tunagombea wageni, hilo sikatai. Ila kumfanya mwizi, hapana. Mama yake ndiye aliyenifundisha Kipaimara."

Aliimba ubeti mzima kuthibitisha, mpaka akaombwa aache.

Halima akaingia jikoni. "Mama Martin, usinichukie. Wageni wasipoondoka leo, watalala tena hapa. Wewe unafaidika."

Mama Martin aliangua kicheko mpaka akaweka mwiko chini. "Nifaidike? Vyumba vyote nimeshawapa watu wa harusi, wanaingia saa nane! Nawaombea hawa waondoke hata kwa mbawa." Alipangusa machozi. "Siku yangu imeharibika tangu asubuhi. Hata nguruwe hataki kusimama kula makombo. Amelala, tumbo hilo, kama amealikwa harusi kabla ya wenyewe."

"Amekula nini?"

"Sijui. Nimekuta mabaki ya mapeasi bandani. Na mpeasi uko kule chini, mbali."

Mzee Kristian, aliyekuwa akipita kuaga ili awahi kanisani, alisikia neno mapeasi. "Ndiyo maana. Mama Martin, tenga lako la sadaka la mwaka huu jepesi! Nimelinyanyua kwa mkono mmoja."

"Jepesi?" Mama Martin aligeuka. "Mzee, nimelijaza jana jioni kwa mikono hii, nikalifunika na jani la mgomba, nikalifunga kamba. Mwanangu Martin mwenyewe ameshindwa kulisogeza!"

"Umelichukua saa ngapi, mzee?" Halima aliuliza.

"Saa kumi na mbili na robo, nilipopita na toroli kukusanya sadaka za nyumba hizi. Lilikuwa barazani kama kila mwaka."

Mama Martin alisema jambo kwa Kishambaa ambalo wageni hawakulielewa, na ni afadhali. Halima alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mama, jana jioni kuna mgeni yeyote aliyekuomba kitu kisicho cha kawaida?"

"Yule mrefu. Kaomba mafuta ya nazi. Nikamwambia yapo ya kupikia, akasema hayohayo."

Wageni walikuwa bado mezani. Kulikuwa na chai, mihogo, mayai, na sinia la mapeasi. Halima alivuta kiti karibu na Happiness, dada mchangamfu aliyefanya kazi ofisi moja na Edgar.

"Jana mlipanda kutoka Mombo?"

"Wee! Kilomita zaidi ya thelathini za mlima," alisema Happiness. "Mimi nilisukuma nusu ya njia na sioni aibu. Edgar ndiye hakushuka. Alikuwa anajirekodi, anawaambia watu wake kule mtandaoni kwamba leo Vuga ni mteremko wa kitoto, kwake ni mazoezi ya kuamka tu."

"Karibu peasi, kaka Edgar," Halima alimwita. "Njoo ukae."

"Asante, nimesimama tu. Mapeasi yananipa kiungulia." Kisha, kama aliyekumbuka ghafla, akamgeukia Mama Martin. "Mama, yale matenga ya barazani, gari la soko linayachukua lini? Kesho, sivyo?"

"Gari gani la soko? Zile ni sadaka. Zimeshaenda kanisani."

Kikombe cha Edgar kiligonga sahani yake. "Basi ngoja na mimi nikasali," alisema.

Happiness alimtazama akiondoka kwa hatua za upana wa ajabu. "Huyu hajakanyaga kanisa tangu siku ya harusi yake," alinong'ona.

Saa nne na dakika kumi ibada ilitoka, watu wakakusanyika uwanjani kwa mnada. Waliokuwa na kuku walileta kuku, waliokuwa na kabichi walileta kabichi, na majirani Waislamu hawakukosa, maana viazi vya mnada ni vizuri na utani wa Mzee Kristian ni bure. Taratibu za pale zilijulikana na wote. Tenga likifungwa nyumbani halifunguliwi mpaka linunuliwe. Na aliyenunua matunda hulifungua palepale, amwonjeshe kwanza aliyelitoa, ndipo aende nalo.

Stephano alisimama karibu na Halima, kitambulisho chake ameshakivua, amekishika mkononi. "Dada, tumwambie mzee afungue tenga. Tumalize."

"Likifunguliwa na mzee, tutapata siti. Mwizi hatutampata, na watu watasema ulizificha wewe. Vumilia kidogo."

"Tenga la mapeasi la Mama Martin!" Mzee Kristian alilinyanyua kwa mkono mmoja, akamtazama Mama Martin kwa lawama. "Nani anaanza?"

"Elfu kumi," alisema Halima.

"Ishirini!" ilisikika sauti kutoka nyuma. Ilikuwa ya Edgar.

"Ishirini na tano."

"Hamsini!"

Watu waligeuka. Kwa hamsini ungepata mapeasi ya kulisha kijiji.

"Sitini," alisema Halima, akitazama kucha zake.

"Laki moja!" Edgar alikuwa ametokwa na jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi.

Halima akainua mikono. "Nimeshindwa. Mpeni."

Makofi yalilia na vigelegele vikafuata. Mzee Kristian hakuwahi kuuza mapeasi kwa laki moja tangu azaliwe. Edgar alilikumbatia tenga, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Ngoja, baba," alisema Mama Martin, amemkingia mkono. "Nionjeshe."

"Mama, nitakuletea nyumbani."

"Hapana, ni hapa. Ndivyo tunavyofanya."

"Fungua! Fungua!" uwanja mzima ukaitikia, na kwaya ya Danieli ikaifanya wimbo wa sauti nne.

Edgar alitazama kushoto, akatazama kulia. Akafungua kamba. Mama Martin akatia mkono chini ya jani, akatoa siti nyeusi, nyembamba, ngumu, akaishika juu watu wote waione.

"Peasi hili limekomaa sana," alisema.

Kelele zilipotulia, Halima alisogeza benchi. "Kaka Edgar, naomba ukae, tuzungumze."

"Nitasimama."

"Kaa tu."

"Siwezi!" Edgar alipaza sauti, kisha akasikia alichokisema.

Halima alitoa kile kipande cha jani, akakiweka juu ya lile la tenga. Palikuwa na pengo pembeni, na kipande kilikaa humo sawasawa. "Siti zilichomolewa wakati wa mvua. Baiskeli tano ziliachwa zinywe maji. Moja tu ilizibwa, kwa jani hili. Mwizi gani anaogopa fremu ya baiskeli moja isiingie maji? Stephano angeziba zile tano zake. Spana ilikuwa kwenye mkoba ulioachwa kibandani, mtu yeyote angeichukua. Halafu mapeasi akapewa nguruwe, na siti zikaingia tengani. Na mtu anayekataa mapeasi saa mbili, saa nne anayanunua kwa laki. Uliomba mafuta ya nazi, kaka. Umekunywa chai umesimama. Siti kama hii, mpya, kutoka Mombo hadi hapa bila kushuka! Umechubuka, na umeshindwa kusema."

Edgar alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo.

"Ningewaambiaje watu?" alisema. "Wananifuata maelfu. Nimewaambia leo ni mazoezi ya kuamka. Nikaona siti zikipotea, safari itaahirishwa, hakuna wa kulaumiwa. Nilidhani matenga yanasubiri gari la soko la kesho. Jioni ningesema nimeziona. Sisi kwetu sadaka tunatuma kwa simu."

"Hakuna wa kulaumiwa," Stephano alirudia. "Kaka, mimi ningerudi kubeba mbao."

Edgar alitazama kitambulisho mkononi mwa kijana yule. Hapo ndipo aibu ya kweli ilipomshika, si ile ya makalio. Alipanda juu ya benchi asiloweza kulikalia, akawageukia watu.

"Kijana huyu nimemsingizia," alisema kwa sauti. "Hakuiba. Nimeiba mimi, kwa kuogopa kuchekwa. Stephano, nisamehe." Akashuka, akamvisha kitambulisho shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Kristian alishukuru kwa niaba ya kanisa, akatangaza kwamba laki moja hairudishwi.

Halima alirudisha siti tano kwenye zile baiskeli tano za Stephano. Kwenye ile ya Edgar alifunga siti pana ya zamani yenye springi, iliyotoka kwenye baiskeli ya marehemu babu yake, na kila springi ilipolia njiani, ng'ombe waligeuka kutazama. Waliondoka saa sita, wakapita mashamba ya kabichi na vijia vya chini ya migomba. Edgar alishuka kwenye kila kilima, akasukuma pamoja na Happiness, na alijirekodi mara moja tu, akieleza kwa nini anasukuma.

Saa kumi na moja jioni waliingia Vuga. Shangazi yake Stephano alikuwa hajasikia habari yoyote. Aliwapokea kwa nderemo, akauliza mkubwa wa wageni ni nani, akamtolea kigoda cha mbao cha heshima, alichokalia baba yake. Kigoda kile hakikataliwi.

Edgar alikitazama. Wote walikitazama. Happiness aliuma ukingo wa kitenge chake asicheke.

Stephano alivua sweta lake, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kigoda.

"Kaa, kaka," alisema. "Kuku wanapoa."