Tingatinga Lililorudi Nyuma

Siku ile kwenye machimbo ya kokoto walikuwepo dereva wa tingatinga, mkewe Mama Kibonge aliyeleta chai, Kibonge mwenyewe akiwa amebebwa ubavuni, na Fundi, kaka yake Mama Kibonge. Wa tano hawakumwona akifika.

Tingatinga lilikuwa kuukuu, lakini halikuwa kaidi. Ukaidi ulianza dereva aliposawazisha kichuguu kikubwa nyuma ya machimbo. Tangu hapo, ukitia gia ya mbele linarudi nyuma, polepole, mpaka pale kilipokuwa kichuguu. Hapo linazimika.

"Shemeji, hili zee limekuchoka," Fundi akasema. "Hata mimi ningerudi kwetu."

"Tengeneza, acha maneno! Nilioa dada yako, sikuoa mdomo wako."

Mama Kibonge akacheka. Aliwapenda hivyo, wakitaniana.

Fundi akapima oili ya giaboksi injini ikinguruma, maana ikizimwa kipimo hudanganya. Ilitosha. Akazima, akafungua filta: hakukuwa na chembe ya chuma. Fito za kuvutia gia hazikuwa zimelegea. Ila oili ilinuka udongo ulionyeshewa, na mvua ilikuwa haijaonekana kwa miezi.

Akalaza koleo kubwa la mbele chini, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Ndiyo kawaida ya mafundi: anayeingia uvunguni ndiye anayekaa nao. Dereva akavua koti, akamtandikia shemeji yake uvunguni asichomwe na kokoto.

Kibonge akaacha kubwabwaja. Alikitazama kiti cha dereva, akatabasamu.

"Baba Kibonge," mkewe akanong'ona, "nani amekaa pale juu?"

"Hakuna mtu."

"Mbona kiti kimebonyea?"

Injini ikawaka.

"Nani kawasha?" Fundi akapiga kelele uvunguni. "Ufunguo ninao mimi!"

Dereva akarukia ngazi, lakini mlango uliokuwa haufungiki tangu zamani ukajifunga ukamgomea, na harufu ya udongo mbichi ikawajaa puani, na koleo likanyanyuka lenyewe, na minyororo ya magurudumu ikaanza kusaga kokoto kidogo kidogo kuelekea mguu wa Fundi, ambaye ovaroli lake lilikuwa limenasa na hakuweza kujivuta, huku Mama Kibonge akiona wenzo wa gia ukisukumwa na mkono asiouona.

Akasogea karibu na kiti.

"Mama," akasema, asijue kwa nini amemwita hivyo. "Tulivunja nyumba yako bila kubisha hodi. Tusamehe. Huyo chini tumetoka tumbo moja. Niachie."

Minyororo ikasimama. Kutoka kwenye kiti kitupu ikaja sauti ya chini, iliyochoka.

"Wanangu walikuwa ndani."

Injini ikazimika. Dereva akamburura shemeji yake akatoka, ovaroli likabaki limechanika uvunguni. Hakuna aliyerudi kuchukua spana. Mama Kibonge alilia njia nzima, na hakuwa akimlilia kaka yake.

Tingatinga liko palepale. Siku hizi Fundi anatengeneza baiskeli.