Kipanya cha Wulandari

Haya yalimpata rafiki yangu Wulandari, mchoraji wa ramani za nyumba hapa Semarang, Indonesia. Alasiri moja, mvua imetia giza ofisini, alikuwa peke yake akimalizia kwenye kompyuta ramani ya nyumba ya kaka yake. Ghafla mistari ikafifia, kishale cha kipanya kikaanza kurukaruka. Akampigia simu fundi Hendarto.

"Dada, wewe na kipanya chako ni kama paka na panya!" Hendarto akacheka. "Rudisha mipangilio ya skrini, kisha kichomoe."

Mistari ikarudi. Akakichomoa.

"Sasa acha kubofya."

"Sibofyi, Hendarto. Waya ninao mkononi."

Wote wawili wakasikiliza: tik, tik, tik.

Kwenye ramani, chini ya sakafu ya chumba cha mtoto wa kaka yake, kishale kilikuwa kikichora sanduku. Urefu mita moja, upana sentimita arobaini.