Aliyeitika Dirisha la Nne

Jina liliitwa kwenye kipaza sauti, na kiti kitupu kando ya Fundi kikalia, kama kinavyolia kiti mtu anapojisukuma kwa mikono ainuke. Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu. Plastiki ya kiti ilikuwa imebonyea katikati. Ikarudi taratibu, ikaacha harufu ya wino wa mhuri na ya nguo zilizokaukia ndani.

Yeye mwenyewe hakuinuka, maana jina lililoitwa halikuwa lake. Lilikuwa limepungua herufi moja, ile ya mwanzo.

Kosa hilo lilifanyika miezi mitano nyuma, siku ya Jumanne, katika ukumbi huu huu wa uhamiaji. Fundi, mshonaji wa nguo aliyeingia nchi hii miaka minne kabla, alikuja kuomba kibali cha kumleta mwanawe. Alimwacha kwa dada yake akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na saba, na dada alikuwa anapoteza macho. "Juzi nimemmwagia mtoto chai mkononi nikidhani ni kikombe," dada alimwambia kwenye simu. "Mchukue, mdogo wangu, kabla sijamuua."

Karani wa dirisha la nne hakuinua macho. Aliandika, akagonga mhuri, akasukuma karatasi chini ya kioo.

"Samahani baba, jina limekosewa," Fundi alisema. "Limepungua herufi ya kwanza."

"Herufi moja?"

"Moja, baba."

"Mama, nchi haitaanguka kwa herufi moja. Kulirekebisha ni kuanza upya, na kuanza upya ni mwaka mzima. Ukiitwa hivyo, itika."

"Siwezi kuitika jina lisilo langu. Langu ni la bibi, mzaa mama. Nilipewa ili aendelee kuitwa nyumbani."

Nyuma yake watu wakacheka, kicheko cha watu waliosimama tangu alfajiri. Karani naye akacheka. "Basi usiitike. Ataitika mwingine." Akagonga kioo kwa kalamu. "Mwingine!"

Lilikuwa neno la mzaha tu. Lakini jina lile lilikuwa limeshaandikwa, limegongwa mhuri, limepewa namba na nafasi yake kabatini, na duniani halikuwa na mwenyewe.

Ndilo lililoitwa leo, Alhamisi. Fundi alitazama dirisha la nne, akamwona karani anazungumza, na mbele ya kioo hapakuwa na mtu.

"Kidole gumba," karani alikuwa akisema, macho kwenye faili. "Na cha pili. Vizuri. Picha unayo? Vizuri."

Upande wa pili wa Fundi aliketi mzee ambaye ukumbi mzima ulimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake kwao. "Mwalimu," Fundi akanong'ona, "unamwona anayehudumiwa pale?"

"Binti yangu, mimi huu mwaka wa sita. Sijawahi kumwona anayehudumiwa." Kisha akatazama, na mzaha ukamfia mdomoni. "Ee Mungu. Anaongea na nani yule?"

Fundi alikwenda dirishani. "Baba, mimi ndiye mwenye..."

"Umeshamaliza, mama. Nenda nyumbani."

Faili lilikuwa bado wazi. Alama ya kidole gumba ilikuwa duara jeusi, laini kama kifungo, bila mstari hata mmoja. Juu yake palikuwa na picha. Uso ulikuwa wake yeye, Fundi, na gauni alilovaa pichani ni lile alilomwachia dada siku ya kuondoka.

Alifika nyumbani jua la utosi. Aliishi na wifi yake, mjane wa kaka yake, katika vyumba viwili vya uani. Wifi alikuwa anaanika nguo. Alipomwona, beseni likamponyoka.

"Wewe umetokea wapi? Si uko ndani unashona?"

"Nani kakwambia?"

"Nimekusalimia, wifi! Umepita hapa hapa. Hukujibu, nikasema haya, leo wamemchosha huko. Sikiliza."

Fundi akasikiliza, na kweli cherehani ilikuwa inakwenda, cherehani yake mwenyewe, mlio wake wa kukwama kidogo kila gurudumu linapozunguka anaujua kama anavyojua kikohozi chake, ikaenda, ikapumzika kama mtu anayegeuza kitambaa, ikaenda tena, na ile harufu ya wino na nguo zisizoona jua ikatoka chini ya mlango ikawafikia miguuni, ikapanda polepole, na Fundi alipoweka mkono kwenye kitasa akahisi upande wa pili kitasa kimeshikwa, kwa utulivu, bila kuvutwa, na mtu asiye na haraka. Akasukuma. Chumba kilikuwa kitupu. Mezani palikuwa na gauni la mtoto, limekamilika, bado lina joto la pasi.

Hakuligusa kwanza. Alimpigia dada yake simu, akamwomba ampime mtoto kwa shibiri, kutoka bega hadi goti.

"Tatu na vidole viwili," dada alisema. "Kuna nini?"

Fundi akalipima gauni kwa mkono wake. Shibiri tatu na vidole viwili. Akakaa sakafuni akalia, na wifi alidhani analia kwa woga. Kile kitu kilijua kimo cha mwanawe. Yeye hakukijua.

Mganga waliyemwendea Jumapili alikuwa mgeni kama wao, mwanamke anayefua mashuka ya hospitali kwa zamu. Aliwasha ubani, akasoma aliyoyasoma. Moshi ulipanda, ukainama wote upande wa Fundi, ukabaki hivyo kama mtu anayesoma karatasi juu ya bega la mwenzake. Mganga akayazima makaa.

"Umelitoa, mama?" wifi akauliza.

"Nilitoe liende wapi?" Aliongea chini chini. "Nimezoea kutoa majini yaliyovamia. Hili halikuvamia, limepokelewa. Lina faili, lina namba. Wewe binti una nini?"

Fundi akampa karatasi ya dirisha la nne, mganga akaisoma.

"Jina tupu ni kama nyumba tupu. Ukitaka litoke, ingia wewe. Kaitike. Lakini ukishaliitika lile, la bibi yako usilitafute tena."

Usiku huo hakulala. Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni. Alipofika dirisha la nne aliweka kidole juu ya jina lile lenye upungufu kwenye karatasi yake, akasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Ndiye mimi. Nilikuwa mkaidi, baba, nisamehe. Hili ndilo jina langu." Akalitamka. Akahisi kama amemfungia bibi yake mlango huku anamwona amesimama nje.

Kwa mara ya kwanza karani akainua macho. "Sasa umerudi kufanya nini? Kibali ulichukua Alhamisi. Saini yako hii." Akatikisa kichwa. "Nami nilikusifu. Ulisimama kimya, hukuuliza, hukulia. Mngekuwa wote vile, kazi hii ingekuwa nyepesi. Mwingine!"

Fundi alitoka nje, akampigia dada yake simu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umesahau nini tena? Si mmetoka sasa hivi?"

"Tumetoka na nani?"

"Na mwanao, na nani mwingine? Nikakushika uso, umekonda, mdogo wangu, na baridi hiyo! Nikakuita jina lako mara tatu hukuitika. Nikasema ni uchovu wa safari."

"Dada, mwite mtoto! Mrudishe, asifike barabarani!"

Dada akaita. Fundi akasikia mlango, kisha miguu midogo inakuja mbio, kisha pumzi kwenye simu, pumzi aliyoisikia mara ya mwisho shingoni mwake.

"Wewe nani?" mtoto akauliza.

"Ni mimi, mama yako. Kaa hapo hapo na mama mkubwa. Usitoke. Yule siye mimi."

Pumzi ya mtoto ikageuka upande wa mlango. Mbali kidogo, mlangoni, mtu alikuwa anamsubiri bila haraka.

"Mama alisema utapiga," mtoto akasema, kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. "Kasema kuna mtu atapiga ajifanye yeye. Kasema nikuulize, una kibali?"